Aliyechinja karamu ya shule iliyomkataa binti yake

Mahamudi hanoi kisu mbele ya mbuzi. Asubuhi hii, umande ungali juu ya mabati ya mtaa wa Majengo, Goma, mashariki mwa Kongo, anazunguka nyuma ya nyumba, anachuchumaa na kuupitisha wembamba wa makali kwenye jiwe, taratibu, kama mtu anayemficha mgonjwa habari mbaya. Mbuzi wawili waliofungwa mlangoni wanatafuna majani ya viazi vitamu. Hawajui lolote, na yeye anataka wabaki hivyo.

"Mbuzi akiona kisu anakufa mara mbili," anasema. "Moja inatosha."

Anamchukua wa kwanza kwa kumkumbatia, si kwa kumburuta. Anamlaza ubavu, anamgeuza kuelekea Kibla, ambako hapa Goma ni karibu upande uleule wa volkano ya Nyiragongo. Anamziba jicho kwa kiganja. "Pole, mama. Kidogo tu," anamnong'oneza. Kisha analitaja jina la Mungu, na kazi imekwisha kabla mnyama hajapata nafasi ya kulalamika.

Ana umri wa miaka arobaini na minne. Kazi hii aliirithi kwa baba yake, mfanyabiashara na mchinjaji aliyekuja kutoka Kasongo, Maniema, akafia hapahapa. Kwa mbuzi mmoja analipwa faranga elfu tano, mara nyingine na ngozi juu yake. Wateja wake wengi, usishangae, ni Wakristo.

Goma ina desturi yake. Mkristo akiwa na harusi, matanga au ubatizo, haanzi kuwasha moto kabla hajamtafuta Muislamu wa kumchinjia. Hafanyi hivyo kwa ajili yake mwenyewe, maana yeye angekula tu. Anafanya hivyo kwa ajili ya jirani, asije akakaa kwenye karamu akitazama sahani za wenzake. Katika mji uliopigwa na waasi, ukapigwa na moto wa mlima, kisha ukapigwa na waasi tena, desturi hii haijawahi kukimbia.

Kwa sababu hiyo Mahamudi anajulikana na parokia kuliko baadhi ya makatekista. Na kwa sababu hiyo kilichompata binti yake kilimuuma mara mbili.

Ramla ni kitindamimba, mwenye meno mawili ya mbele yanayogombea nafasi moja. Mei 2021 alikuwa na miaka saba, darasa la pili, katika shule ndogo ya Kiislamu upande wa Buhene. Jumamosi moja jioni Nyiragongo ilipasuka, anga likawa jekundu. Mahamudi alimfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yake, mkewe Kuluthumu akabeba godoro, wakatembea na mji mzima mpaka mji wa Sake. Mtoto aliuliza swali moja tu njia nzima: kama Jumatatu kutakuwa na masomo.

Hayakuwepo. Waliporudi, nyumba yao ilikuwa imesimama, ila shule ilikuwa chini ya mwamba mweusi uliokuwa bado unafuka moshi. Hakuonekana hata mti wa bendera.

Iliyobaki karibu ilikuwa shule ya msingi ya parokia. Wasomaji wa mbali huenda wasielewe mambo haya. Shule za namna hiyo hapa Kongo ni za Serikali, na Kanisa ndilo linaloziendesha. Mwalimu hulipwa na Serikali, na tangu mwaka 2019 mtoto wa msingi anapaswa kusoma bure. Lakini funguo za mlango ziko kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana kanuni zake.

Septemba ile Mahamudi alivaa shati jeupe, akamshika Ramla mkono. Mwalimu mkuu, Paulin, aliwapokea vizuri, akawapa kiti. Kisha akaomba karti ya ubatizo ya mtoto.

"Nikamwambia, Direkteri, siye ni Waislamu, munanijua," anakumbuka Mahamudi. "Akaniambia, 'Papa Ramla, ninakujua sana. Lakini ona kalasi. Watoto wanakaa wane kwa benchi moja. Tunatanguliza wa parokia. Ikibaki nafasi, nitakuita.'"

Hakuitwa. Tuwe wa haki: madarasa yalikuwa yamefurika kweli, maana moto ulikuwa umemeza shule zaidi ya moja. Lakini Mahamudi aliwaona watoto walioandikishwa baada yake, wenye karti mkononi, wakipata kona ya kukaa. Nafasi ilikuwepo. Ilikuwa inamngoja mwingine.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Mama Kahindo, Mnande wa Butembo na Mkatoliki wa kupigiwa mfano, hakuvumilia. Alikuja na suluhisho lake akiwa bado na unga mikononi. "Tumubatize! Miye ndiye nitamusimamia. Ataitwa Olive ku shule, Ramla ku nyumba. Mungu ni mumoja, Papa Ramla, hatatukasirikia."

Kuluthumu aliafiki. Jina ni nguo, alisema, mtoto ataivua akirudi. Na Ramla mwenyewe, aliyekuwa amesikia yote kutoka chini ya meza, akatoka kutetea kesi yake:

"Papa, wanimwangie tu mayi. Nitakauka."

Mahamudi anacheka anaposimulia, kisha anainama na kujipangusa macho kwa mkono wa shati. Alimpenda mtoto wake siku ile kuliko siku aliyozaliwa. Na alikataa.

"Ubatizo kwa Mama Kahindo ni kitu kitakatifu. Nikiuchukua kwa kuuiba, nimemutukana yeye, nimejitukana na miye. Halafu mutoto nitamufundisha nini? Kwamba masomo yanaanza kwa uongo?"

Ni maneno mazuri, lakini maneno mazuri hayafundishi kusoma. Ramla alikaa nyumbani mwaka mzima. Alimsaidia mama yake kuuza mkaa, akacheza ualimu na wadogo wa mtaani, akawachapa kwa jani la mgomba. Septemba iliyofuata wakarudi kwa Paulin, na jibu likawa lilelile. Jioni hiyo mtoto alimwomba baba yake ampe gazeti la kufungia nyama, akakaa nalo mlangoni. Akagundua kwamba herufi nyingine zimeanza kumtoka kichwani. Hakulia. Alilikunja gazeti akalirudisha.

"Pale ndiyo niliogopa," anasema Mahamudi. "Nikajiuliza, labda ni kiburi changu ndicho kinamukula mutoto."

Wiki chache baadaye, Oktoba 2022, mtu alikuja kumbishia hodi. Shule ya parokia ilikuwa na sikukuu ya mtakatifu wake. Mbuzi wanne walikuwa wameletwa kwa lori kutoka Kalengera, kaskazini, mapema, kwa sababu waasi walikuwa wameshachukua mji wa mpakani wa Bunagana na hakuna aliyejua barabara itafungwa lini. Je, Papa Mahamudi angekuja kuchinja, kama kawaida?

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Jumaine, shemeji yake anayeendesha pikipiki, aliona siku ya malipo imefika. "Usiende! Wachinje wenyewe, wakule wenyewe. Tutaona kama watamualika Muislamu hata mumoja."

Ushauri ulikuwa mtamu, na Mahamudi hakatai kwamba aliuonja. Lakini asubuhi ya sikukuu akachukua kisu chake, akakifunga kwenye kitambaa, akaenda. Ukimuuliza sababu, anaona haya kidogo, kisha anajibu kwa lile 'juu' la Goma, ambalo maana yake ni 'kwa sababu'.

"Juu ya mbuzi. Nilijua watatafuta mutu yeyote, mwenye kisu kibovu. Wale mbuzi walikosa nini?"

Alichinja wote wanne nyuma ya jiko la shule. Kisha akanawa, akakataa kiti, akaondoka. Katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kuondoka kwenye karamu kabla ya kula, maana kwa desturi mchinjaji ana sahani yake, na huanza kupakuliwa yeye.

Yaliyofuata hakuyaona. Anayeyasimulia ni Mama Kahindo, aliyekuwa mkuu wa akina mama wapishi, na anayasimulia akiwa amesimama, kwa sababu mambo mengine hayasimuliki ukiwa umekaa.

Wageni walijaa uani. Walikuwepo wazazi, viongozi wa mtaa, wafanyabiashara Waislamu wa mtaa wa Birere waliochangia mchele. Padri akasimama kubariki chakula. Akasema maneno mazuri ya umoja. Akasema, kwa furaha na bila ubaya wowote, kwamba shule hii haina ubaguzi, na ushahidi uko sufuriani: hata nyama imechinjwa na ndugu Muislamu, ili pasiwepo jirani wa kubaki nje.

Mama Kahindo alikuwa ameshika mwiko. Akachukua kifuniko, akafunika sufuria. Akavuta kigoda, akakaa.

Padri akamwuliza kama chakula hakijaiva.

"Kimeiva, Padri. Lakini munisamehe. Mumesema hakuna jirani wa kubaki inje. Muchinjaji ameenda ku nyumba na njaa. Mutoto wake iko inje mwaka wa pili, juu hana karti ya ubatizo. Kama mukono wa baba unafaa kwa sufuria yetu, mutoto hafai kwa benchi juu ya nini? Miye sipakui."

Mama mmoja nyuma yake akafunika sufuria ya mchele. Mwingine akafunika ya sombe, majani ya muhogo. Watoto mia kadhaa, waliokuwa wamesikia harufu tangu asubuhi, wakaanza kuwatazama wakubwa kwa macho ambayo hakuna mkubwa anayeyaweza.

Padri alimgeukia Paulin. Kwa mujibu wa Mama Kahindo, uso wa padri ulionyesha kwamba suala la karti za watoto hakuwahi kulifuatilia. Paulin alisema "nafasi", akasema tena "nafasi". Si mtu mbaya, na hilo Mahamudi mwenyewe analisisitiza. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani hutafuta sababu yoyote ya kupunguza, na hiyo ndiyo aliyoikuta juu ya meza.

Mwishowe Paulin aliomba sahani. Mama Kahindo akafunua sufuria kidogo, akapakua vipande vya mchinjaji, akafunika tena. Mwalimu mkuu wa shule, mwenye koti na tai, akatoka kwenye lango lake amebeba sahani kwa mikono miwili, akaruka mawe ya volkano, akapita mtaa mzima watu wakimwangalia.

Mahamudi alikuwa amekaa mlangoni. "Nikamwona anakuja, mufuko wa koti umejaa muchuzi. Sikujua nicheke ao nisimame."

Alisimama. Paulin akampa sahani, akasema, "Unisamehe, Papa Ramla. Kesho umulete."

Ndani, mtu mmoja mdogo alianza kuruka juu ya kitanda.

Leo Ramla anamaliza darasa la tatu. Alianza wa mwisho, akafika wa nane. Wenzake wakisali asubuhi, yeye hukaa kimya na viganja vyake juu ya mapaja, na mwalimu wake hajamwambia neno. Jioni humsomea baba yake gazeti la kufungia nyama, kwa sauti kubwa isiyohitajika, na baba yake humwacha amalize hata kama mteja anangoja.

Basi ungesema kisa kimekwisha vizuri. Mahamudi hasemi hivyo. Kanuni ya karti haikufutwa, ilirukwa tu kama mtu anavyoruka dimbwi. Mwaka huu barabara ya kaskazini imefungwa na vita, familia zimeshuka kutoka Kibumba na Kibati zikiwa na watoto wa kila dini, na msongamano darasani umezidi. Nyumba ya tatu kutoka kwake anakaa Idriss, dereva wa lori ambaye lori lake limekosa barabara. Ana binti wa miaka sita, Fatouma. Wiki iliyopita walirudishwa kutoka mlango wa shule ya parokia, kwa kukosa karti.

Kwa hiyo Septemba, Mahamudi atavaa tena lile shati jeupe. Ameshakubaliana na Mama Kahindo wataongozana wote wawili, na safari hii hawataishia kwa mwalimu mkuu. Watapanda mpaka ofisi inayosimamia shule hizo, na kutoka huko mpaka ofisi ya Serikali inayolipa mishahara. Idriss amewaomba wasijisumbue, mtoto wake atangoja.

Mahamudi anakifunga kisu kwenye kitambaa, kisionekane. Mbuzi wa pili bado anatafuna.

"Ramla aliingia juu ya nyama," anasema. "Idriss hachinji. Anaendesha lori tu. Ninataka wa kwake aingie juu ni mutoto."