Fundi Majani hajui tena upande upi ni uso

Saa nne asubuhi, Fundi Majani amemkumbatia mwanamke asiye na kichwa. Mkono wa kushoto umemzunguka kiunoni, wa kulia unapitisha sindano kwenye tundu dogo chini ya ubavu, na midomoni kabana uzi wa kijani. Anavuta, anasita, anavuta tena. Kisha anauchomoa uzi wote na kuketi sakafuni.

"Sijui ninafanya nini," anamwambia mwandishi. "Andika hivyo hivyo. Umekuja siku ambayo mimi mwenyewe sijielewi."

Mwanamke huyo ni sanamu ya udongo wa kuchoma, kuanzia mabegani hadi magotini. Fundi huitoboa udongo ukiwa bado mbichi, kisha huipeleka kwenye tanuri la wachoma matofali. Ikishapoa, anaivisha ngozi: kitambaa cheupe alichokidarizi kwa mkono wake, akikishonea kwenye matundu yale mpaka kibane. Kwenye kitambaa ni majani matupu. Yanaanzia kwapani, yanashuka tumboni, na magotini panatokea mizizi.

Seremala wa chumba cha mbele ndiye aliyempa jina hilo la utani, maana maua hadarizi kabisa. Anachungulia mlangoni akiwa na randa mkononi.

"Jirani, hawa wageni wako wa udongo wamekaa mwezi wa pili sasa. Hakuna hata mmoja anayechangia kodi?"

"Na hizo stuli zako zinachangia?"

Seremala anacheka, anarudi kazini. Fundi hacheki. Leo mchana gari la ukumbi wa maonyesho linakuja kuchukua sanamu hii. Kabla ya gari, anakuja mama yake. Na mama huyo ndiye tatizo lenyewe.

Mama ndiye aliyemfundisha kudarizi, tangu akiwa wa kukaa mkekani. Somo la kwanza halikuwa kushika sindano. Lilikuwa kugeuza kitambaa. Mama alikuwa akipokea kazi ya mtoto, hatazami maua wala ndege waliodariziwa mbele. Anageuza nyuma. Akikuta fundo, akikuta uzi umeruka kutoka jani hadi jani, anarudisha.

"Ananiambia, fumua. Basi. Hata kama mbele imependeza vipi," anakumbuka Fundi. "Alisema mwanamke anajulikana nyuma ya kitambaa. Mume atageuza, mama mkwe atageuza, jirani mwenye choyo atageuza. Nilifumua kazi nzuri nyingi mno, ndugu yangu. Nilikuwa nikilia huku nafumua."

Ukutani kwao palikuwa na kitambaa cha mama mwenyewe, ndani ya fremu ya kioo. Mtoto akikosea sana, mama alikishusha, akakitoa, akakigeuza na kukishika juu ili kila mtu aone. Mgongo wa kitambaa ulikuwa mweupe pe. Hakuna fundo, hakuna hata kivuli cha uzi. Kugusa ilikuwa marufuku.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo ajikute kwenye mkasa wa mwaka jana, utamlaumu akichanganyikiwa?

Mwaka jana ukumbi wa maonyesho ulimwomba sanamu moja. Wadarizi wana desturi yao: kazi inaposafirishwa hugeuzwa, uso ndani, mgongo nje, vumbi lisiguse nyuzi. Fundi akaivisha sanamu kitambaa kikiwa kimegeuzwa, akakipachika kwa nyuzi chache za kushikizia tu, na kuituma. Nia yake ilikuwa kufika mapema, akigeuze na kukishona sawasawa.

Siku hiyo mama aliamka na homa, ikabidi ampeleke zahanati. Fundi alipofika ukumbini, milango ilikuwa imefunguliwa na watu wamejaa. Sanamu ilikuwa juu ya meza, chini ya taa, mafundo nje. Wafanyakazi waliiona imevaa, wakadhani ndivyo inavyotakiwa.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Ni kama umemkuta mama yako uwanjani na nguo ya ndani. Halafu nikaona mama mmoja amesimama mbele yake anafuta machozi. Nikajiuliza, analilia uchafu wangu?"

Kabla hajaeleza kosa, msimamizi wa ukumbi, binti mchangamfu anayeongea mbio, alimshika mkono na kumpongeza kwa ujasiri. Kwamba ameonyesha mwanamke kutoka ndani, na msitu kutoka upande wa mizizi. Sanamu ilinunuliwa siku ile ile, kwa bei ambayo Fundi angeipata kwa kudarizi foronya za wateja miezi minne.

Tangu hapo msimamizi anataka nyingine za aina ile. Na hapo ndipo akili ya Fundi ilipofunga. Akijaribu kuchafua mgongo kwa makusudi, inaonekana wazi kwamba ni makusudi. Fundo linakaa kama limevaa kwenda harusini. Akidarizi kama alivyofunzwa, mgongo unakuwa safi mno na msimamizi anauliza kwa upole, mbona hausemi chochote.

"Kwa hiyo kazi yangu ni ipi? Ile ninayoifanya nikiwa natazama, au ile inayojifanya yenyewe huku chini?" anauliza. Mwandishi wa makala haya alikuja na maswali yake yamepangwa vizuri, na kufikia hapo alishayasahau.

Sanamu ya leo ilipatikana kwa bahati. Kitambaa chake Fundi alikidarizi wakati mama amelazwa hospitalini, kwenye benchi la wodi, akili haipo. Mbele majani yamekaa sawa, mikono ilijiendea kwa mazoea. Nyuma ni vurugu tupu. Amekwisha kuivalisha mafundo nje, ila upande mmoja wa ubavu haujafungwa, na tangu asubuhi anafunga na kufungua. Mama hajui habari ya mwaka jana. Amesikia tu kwamba mwanawe anaonyeshwa ukumbini, na amesema lazima aione kazi kabla haijatoka.

"Nikimwonyesha hivi atasema sikufunzwa. Nikiigeuza, nitakuwa nimemdanganya yeye, na ukumbi pia. Ningekuwa na dada ningemsukumia yeye."

Saa sita kasoro, mama anaingia. Ni mwanamke mwembamba, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na kwapani ana bahasha kubwa ya karatasi ngumu. Fundi anainuka haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Iko wapi?"

Haiko mbali, chumba chenyewe hatua chache. Mama anaizunguka. Anapitisha kiganja juu ya mafundo, polepole, kama anayetafuta homa kwenye mwili wa mtoto. Anafika begani na kusimama. Bega la kushoto la sanamu limeshuka.

"Huyu ni mimi," anasema.

"Ni mwanamke tu, mama."

"Mwanamke tu hana bega hili. Nililipata kwa kukubeba wewe." Anashika fundo moja kubwa kati ya vidole. "Na umenigeuza nje."

Fundi anaanza kueleza: wodi, ukumbi, vumbi, msimamizi. Maneno yanagongana. Mama anainua mkono kumnyamazisha na kuomba mkasi. Fundi anaupeleka, akijua mafundo yote yanakwenda.

Mama hagusi sanamu. Anafungua bahasha na kutoa kile kitambaa cha ukutani, bila fremu. Alikileta, anasema, akidhani kitapata nafasi kando ya kazi ya mwanawe. Anakigeuza, anaweka ncha ya mkasi pembeni na kukata nyuzi tatu, nne. Mgongo ule mweupe unafunguka. Kumbe ni kitambaa kingine, kimeshonewa juu kama bitana ya koti. Chini yake mafundo yamerundikana, manene kuliko ya Fundi, na nyuzi za rangi zinakatiza kila upande.

"Bibi yako alikuwa akigeuza," mama anasema. "Nami ningefanyaje?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Fundi anakiri baadaye kwamba hakuna mdarizi asiyejua kuwa sindano lazima iache alama nyuma. Alilijua hilo kwa kila kitambaa duniani isipokuwa hiki.

Anaanza kucheka, kicheko kinageuka kilio, kisha hasira. "Mama, nilifumua. Miaka yote ile nilikuwa nafumua."

"Najua, mwanangu."

"Ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia. Nilidhani wewe utaweza."

Seremala ameacha kupiga randa. Nje gari linapiga honi, msimamizi anaingia, anaona nyuso mbili zimelowa na kuuliza kwa sauti ndogo kama waje kesho.

"Ichukueni," anasema mama. Anaona uzi mmoja unaning'inia kiunoni pa sanamu, anaukata kwa mazoea. Anauona wa pili, anaushika, anauacha. Kisha anachukua sindano mwenyewe, anaomba atungiwe uzi, na kuufunga ule ubavu uliobaki. Mafundo nje.

Fundi Majani bado hajui kama amesamehe. "Nikimtazama nataka kumkumbatia, nikikumbuka zile kazi nataka kupiga kelele. Vyote viko sawa sawa," anasema akifagia vipande vya uzi. Ila ana mpango. Atafinyanga sanamu nyingine, yenye umbo lake mwenyewe safari hii, na ngozi yake ataidarizi mama. "Sitamwambia upande wa kuweka nje. Atakaouweka, nitauvaa huo."

Mama kaomba apande garini, akaione sanamu ikisimamishwa. Ameketi mbele, kando ya dereva, kitambaa chake mapajani, na kidole gumba kimekandamiza ile pembe iliyofumuliwa isifunguke zaidi.