Mashine Iliyoambiwa Irare

Flaviana alikuwa na kanuni moja ya biashara: mteja hasahihishwi Kiswahili, husahihishwa bei. Kwa kanuni hiyo mwanamke huyu wa Bukoba alijenga duka lake la kutengeneza kompyuta pale Kabeza, Kigali, kisha akaanza kunyemelea ofisi za Kiyovu. Mojawapo ilitafuta fundi wa kuhudumia kompyuta zake mwaka mzima. Anayetaka mkataba, kwanza atibu kitufe cha mkurugenzi.

Mkurugenzi Gakwaya alikuwa mtu wa utaratibu. Saa kumi na moja jioni alizima taa, akazima feni, akafinya na kitufe cha kompyuta, hata kama kazi ilikuwa katikati. Ripoti zilikufa changa. Ofisi ilishafanya vikao vitatu kuhusu kitufe hicho, vyote na sambusa, na hakuna aliyethubutu kusema mgonjwa ni kidole.

"Madamu, mimi nafinya, inakufa na lipoti yangu," Gakwaya alimweleza. "Tengeneza, nikifinya irare."

"Hilo tu, mzee? Limekwisha."

Miaka sita Kigali ilimzoesha Flaviana r na l kubadilishana viti. Akafungua mipangilio ya umeme, panapochaguliwa kitufe kifanye nini, akaondoa "zima" akaweka "lala". Dakika mbili. Nusu saa nzima iliyofuata aliikunjia kompyuta uso, maana kazi ya dakika mbili haina heshima.

Asubuhi akapigiwa simu na Gaudiose, katibu wa ofisi. "Dada Flavi, njoo. Na uje umeshiba."

Mafaili yaliyotakiwa kusafiri usiku kucha kwenda kwa wafadhili hayakuvuka hata mlango. Kompyuta ililala fofofo. Na kwenye benchi aliketi Benon, fundi mwingine, begi mapajani.

"Nilisema irare!" Gakwaya alifoka.

"Na imelala, mzee."

"Si kulala! Kurara! Mulinzi wangu anarara hapa kila siku, na akisinzia namufukuza!"

Gaudiose akamnong'oneza: "Kwa Kinyarwanda, kurara ni kupitisha usiku mahali. Usingizi ni shauri yako."

Flaviana hakuomba radhi. Radhi hushusha bei. "Kumbe uliagiza zamu ya usiku, mzee. Ungesema." Akarudi kwenye mipangilio, akachagua "zima kioo tu". "Finya."

Gakwaya akafinya. Kioo kikawa cheusi. "Imekufa?"

"Iko kazini."

Flaviana akagusa kipanya; kioo kikawaka, na mafaili yalikuwa njiani. Gakwaya akacheka kama mtoto. "Inaonekana imekufa, kumbe inafanya kazi!"

"Sisi hapa tuko kinyume chake," Gaudiose akasema, akimwekea Gakwaya mkataba mezani.

"Mwaka mmoja," alisema Gakwaya.

"Miwili. Jana uliajiri fundi wa mchana; leo mashine ina zamu ya usiku."

"Madamu!"

"Muulize Benon kama anajua kurara."

Benon alifungua mdomo. Gakwaya hakumngoja, akaandika mwaka mmoja na nusu, akatia sahihi.