Tuta la Aline

Watu wa Murungu waliposikia kwamba Daktari Rabia anakuja, walijitokeza na magonjwa yao: huyu goti, yule kikohozi cha tangu masika. Maximilla ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwakatisha tamaa.

"Huyu ni daktari wa maswali," aliwaeleza kwa Kiha. "Anatoka taasisi ya utafiti kule Dar es Salaam. Anauliza tunaishije hapa mpakani, nani anatulinda na nani anatusumbua, kisha wenzake wanakwenda kuishauri serikali."

Mzee mmoja akasema serikali ina bahati kupata ushauri wa bure, akarudi nyumbani na goti lake.

Maximilla alikuwa mkalimani, na kazi aliiweza. Wazee waliokimbia Burundi wakati wa vita, kama alivyokimbia yeye, Kiswahili chao huishia sokoni; ya moyoni huyasema kwa Kirundi. Kabla ya kila mahojiano, ahadi ilitoka kinywani mwake: "Jina lako halitatajwa, wala kijiji chako. Hata ndugu yako akiuliza, hataambiwa." Hapo watu walifunguka, maana mpakani neno dogo huweza kumletea mtu balaa.

Lakini tuseme ukweli, hakuifanya kazi ile kwa kuupenda utafiti. Alikuwa na lake. Taasisi ilihoji watu wa pande zote mbili za mpaka, na ng'ambo, ambako walitumika wakalimani wengine, alikuwako Aline, mdogo wake wa tumbo moja. Kambi ya wakimbizi ilipofungwa, Maximilla alikuwa ameshaolewa na Tharsisi, mwenyeji wa Murungu, akabaki na kuwa raia. Aline alipanda lori la waliorudi kwao. Simu yake ilipatikana miaka michache, kisha ikanyamaza. Wafanyabiashara walioulizwa walisema amehama, hawajui kaenda wapi. Milima haikutani, binadamu hukutana. Maximilla alijiambia hivyo mpaka methali yenyewe ikamchosha.

Kule kambini, mama yao alimpa kila binti tuta lake la maharage nyuma ya kibanda. Mmoja akiugua au akisafiri, mwenzake alimlimia. Tuta la msafiri halilali pori, mama alisema. Basi hadi leo, kando ya migomba ya Tharsisi, liko tuta ambalo maharage yake hayauzwi hata bei ipande namna gani. Tharsisi humtania mkewe kwamba analimia mizimu. Maximilla humjibu kwa ukali kwamba shemeji yake hajafa. Ukali huo ni wa mtu asiye na hakika.

Utafiti ulipokwisha, Rabia alirudi kuleta majibu, akaitisha mkutano kwenye ukumbi mmoja mjini Kibondo. Walikuja viongozi wa vijiji, maofisa, na wazee waliohojiwa. Rabia akisema, Maximilla anageuza kwa Kirundi. Wakafika kwenye pendekezo kubwa: familia zilizotenganishwa na mpaka ziruhusiwe kukutana siku za soko la pamoja la mpakani, kwani mwenye ndugu ng'ambo hapendi vita vivuke mpaka. Ofisa mmoja akauliza ushahidi uko wapi.

"Upo," Rabia alisema. "Mama mmoja wa upande wa pili alituambia hivi: 'Kila msimu nalima tuta la dada yangu aliyebaki Tanzania. Maharage yake siuzi. Tuta la msafiri halilali pori.'"

Wazee wakamgeukia mkalimani. Maximilla akaanza, akafika kwenye tuta, akaishia hapo. Akaanza upya. Ilimbidi ayarudishe maneno ya mama yake katika Kirundi chake, mbele ya ukumbi mzima, huku moyo ukimpigia kelele kwamba Aline yu hai.

"Yoo, mawe!" bibi mmoja wa mbele alisikitika, akimwita mama kwa Kirundi, akidhani anawahurumia watu wasiokuwamo ukumbini.

Chai ilipoletwa, Maximilla alimshika Rabia mkono. "Mwanangu, yule mama wa tuta ni mdogo wangu. Yuko wapi?"

Rabia alimtazama, machozi yakamlenga. "Mama, unajua siwezi kusema."

"Hata ndugu yake akiuliza?"

Maximilla alijua kwamba bila ahadi ile Aline asingethubutu kufungua kinywa. Alijua, na bado alikasirika. Alishika kikombe mpaka chai ikapoa, akiwa na hamu ya kumwona mdogo wake kuliko siku zote alizomdhania amekufa.

"Majibu haya mtawapelekea na wa ng'ambo?" aliuliza mwishowe.

"Mwezi ujao, mama. Tutakutana nao kama hivi."

Maximilla akavuta kiti, akaketi mbele ya Rabia, pale wanapoketi wahojiwa. "Basi washa kinasa sauti chako. Mimi hamjanihoji."

Rabia akakiwasha.

"Waambieni yuko mama mmoja huku Tanzania, naye maharage ya mdogo wake hajauza. Msimu huu yamezaa sana. Siku soko hilo likiruhusiwa, atakuja nayo."

"Na jina, mama? Nalo nilifiche?"

"Lifiche," Maximilla alisema. "Atanijua."