Mzunguko wa Mihogo Michungu

Wajukuu wangu wakiniuliza wakati wa uasi tulikuwa upande gani, nawajibu: upande wa njaa. Wanacheka, wanadhani bibi anatania. Sitanii. Watu wa kanisani nao wanapenda kusema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wapi! Mimi tembo sikumwona. Niliona mihogo, na habari za mihogo ndizo nitakazozieleza.

Uhuru ulitukuta kijijini Kiringye, bondeni, tukilima. Nakumbuka tulipewa mkate, tukaula, ukaisha. Miaka michache baadaye wakaja waasi, wakaja askari, wakarudi waasi, na kila aliyefika alituuliza tuliwapa nini wale waliomtangulia. Baba alikuwa ameshafariki. Siku moja mama akasema yatosha. Tukafunga virago, yeye, mimi na mdogo wangu wa kiume wa miaka minne, tukapanda vilima mpaka kwenye msitu ulio chini ya milima ya Rurambo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, labda kumi na minne. Nani alikuwa anahesabu.

Tulijenga kibanda cha majani. Chakula chetu chote kilibaki bondeni, ardhini. Kwetu tulilima mihogo michungu kwa sababu wezi na nguruwe mwitu hawaipendi. Lakini ile ina sumu. Unaimenya, unailoweka siku tatu, na kukiwa na baridi siku nne, mpaka ukiibonyeza ilainike kama ndizi iliyoiva. Hapo ndipo unaipika. Mtoto wa kule anajua hilo kabla hajajua Baba Yetu. Ukimharakisha mama, alikujibu vilevile kila mara: haraka haraka haina baraka.

Mama alikuwa na mguu uliovimba, hakuweza kushuka. Kwa hiyo kila siku ya tatu nilikwenda mimi. Na kulikuwa na sheria moja ya watu wote waliojificha kule juu: njia uliyoshukia usiipandie. Mihogo iliyolowa inadondosha maji, na nyasi ukizikanyaga mara mbili zinalala. Yeyote anaweza kukufuata mpaka kwenye kibanda chako. Kwa hiyo tulizunguka.

Nilitoka asubuhi kukiwa na ukungu. Nilipita kwanza vilima vifupi vya nyasi, vitatu, kimoja baada ya kingine, na juu ya kile cha pili ungeweza kuliona ziwa mbali upande wa Uvira. Nilikuwa siliangalii. Kisha nilishuka kwenye shamba la zamani la pamba, ambalo hakuna aliyelipalilia tena, nikaingia kwenye mihogo yetu. Nilichimba, nikamenya palepale, maganda nikayafukia. Kijito kilikuwa karibu, na kwenye kijito tulikuwa na dimbwi letu. Niliitoa mihogo ya siku tatu, nikatia mibichi, nikaikandamiza kwa mawe. Halafu nilipanda kwa upande wa pili, ndani ya kijito chenyewe, miguu majini, mpaka msituni, na kutoka hapo kwa kuzungukia nyuma ya kilima hadi nyumbani. Jua lilikuwa utosini nilipofika. Siku nyingine nilisikia risasi upande wa Katogota. Niliendelea kutembea. Mwanzoni niliogopa, baadaye sikuogopa, na sikujua ni lini niliacha.

Madimbwi yalikuwa mengi kwenye kile kijito, kila familia na lake. Hakuna aliyegusa la mwenzake. Ila ukizidiwa kabisa uliruhusiwa kuchukua, mradi uache tawi bichi juu ya jiwe, maana yake: nimechukua mimi jirani, nitarudisha. Na watu walirudisha. Hata wakati ule walirudisha.

Basi siku moja nikafika, nikakuta mawe yamepinduliwa. Mihogo yetu haipo, ya majirani haipo, na hakuna tawi hata moja. Kwenye tope kulikuwa na alama za viatu. Wa upande gani, sijui. Tumbo halina upande. Nilichimba mingine, nikaimenya, nikailoweka, nikapanda mikono mitupu.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa ameshaacha kucheza. Kwanza aliacha kukimbia, kisha akaacha kulia, na mtoto akiacha kulia kwa njaa, hapo ndipo uogope. Siku mbili tulikuwa tunakula sombe tu, majani ya mihogo yaliyopikwa bila chumvi, na kwake hayakukaa tumboni. Nilipoingia alifungua macho, akaniita kama mdogo anavyomwita dada yake.

"Yaya, umeleta?"

"Kesho."

Asubuhi iliyofuata mama akaniambia nishuke tena, nione kama kwenye matuta ya zamani kulibaki hata viazi vitamu viwili. Nikazunguka. Vilima vitatu, shamba la pamba, matuta. Panya walikuwa wamemaliza. Nikaenda kijitoni, nikakaa kando ya dimbwi letu, nikaondoa jiwe. Mihogo yangu ya jana ilikuwa myeupe, mizuri. Nikaibonyeza. Juu ilikuwa imeanza kulegea kidogo, au nilitaka iwe imelegea. Ndani ilikuwa jiwe.

Wanasema mwenye njaa hana miiko. Mimi niseme kweli, siku ile sikuwa hata na njaa. Nilikuwa nayaona tu yale macho. Nikajaza kikapu, iliyobaki nikairudishia jiwe.

Njia nzima ya kupanda nilikuwa nikitunga uongo, na nilipofika ulikuwa tayari.

"Hii iko na siku ngapi mu maji?" mama aliniuliza.

"Tatu. Iko ya majirani wa juu. Yao haikuibiwa."

"Uliacha tawi?"

"Niliacha."

Aliniangalia kidogo. "Weye iko mutoto muzuri," akasema, akachukua jiwe lake la kupondea.

Aliiponda muda mrefu sana. Akaipika, akabadilisha maji mara mbili, ingawa maji yalitoka mbali. Akampa mdogo wangu kwanza, na alikula! Alikula kwa mikono miwili, akacheka, akaomba tena, akapewa tena. Mimi nilikula matonge mawili, nikaona uchungu kwenye ulimi, nikasema nimeshiba. Mama alikula kidogo, akasema nyingine iwe ya mtoto kesho.

Mdogo wangu alianza kutapika kabla jua halijatua upande wa Rurambo. Akasema kichwa, yaya, kichwa. Kisha mwili ukakakamaa, ukalegea, ukakakamaa. Mama alimshika. Mimi nilikimbia kuomba maziwa kwa wachungaji wa ng'ombe wa juu, wakanipa bila kuuliza, nikarudi na kibuyu kimejaa. Hakukuwa na wa kunywa. Mama akakichukua kibuyu mkononi mwangu, akakiweka chini polepole, kisimwagike.

Tulimzika msituni, mchana wa siku ya pili baada ya kufa. Sikulia. Sisemi hivyo kujisifu. Nilitafuta kilio, nikakikosa, nikachukua kikapu nikaenda kwenye mzunguko, kwa sababu siku ya tatu ilikuwa imefika na mihogo ilikuwa imelainika. Ilikuwa laini kabisa, mitamu. Tuliila.

Vita viliisha kwetu kama mvua inavyoisha, huku bado inanyesha upande mwingine. Tulirudi Kiringye, tukaezeka nyumba upya. Nikakua, nikaolewa karibu, nikazaa. Watu walinisifu kwamba ni mtulivu, sina hasira, sina makelele. Mtulivu! Nilikuwa ninafanya kazi, ninapika, ninaitikia pole na asante, na ndani hakuna mtu. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa walinilaza naye kifuani, wakasubiri nicheke. Nikawachekea.

Na mimi na mama tuliendelea kuzunguka. Hakukuwa tena na wa kutufuata, njia ya kurudi ya moja kwa moja ilikuwepo, fupi, nyeupe, lakini sisi tukishamaliza shambani tulipandia kijitoni, tukazungukia msituni, tukateremka kwa vilima. Majirani walitucheka: hao wawili, wakienda kuchuma sombe wanatembea nusu siku. Hatukuwahi kuongea juu ya jambo hilo. Hatukuwahi kuongea juu ya jambo lolote.

Mpaka mwaka ule mwanangu wa kwanza alipofikisha miaka minne. Tulikuwa tunapandia kijitoni, mama mbele, kikapu kichwani, mimi nyuma. Bila kusimama, bila kugeuka, akasema:

"Ile mihogo ilikuwa na siku moja."

Nikasimama majini.

"Minye nilijua. Unaponda muhogo miaka makumi mawili, halafu usijue? Ilikuwa inaruka chini ya jiwe. Nikasema, asipokula atakufa leo. Akikula, labda. Nikapika."

"Mbona hukuniambia?"

"Weye nawe mbona hukuniambia?"

Akaendelea kupanda. Nilimtazama mgongo wake, shingo imenyooka chini ya kikapu, na nikahesabu: kila usiku niliolala kama gogo, kila mara aliponiita mtoto mzuri, kila mtoto niliyemshika kwa mikono ya mwuaji nikijua ni mikono ya mwuaji. Angeniambia neno moja. Tungekuwa wawili.

Nilitaka kumpiga mama yangu. Mungu anisamehe, niliinama nikaokota jiwe kabisa, nikilia kwa sauti mpaka ndege wakaruka. Yeye aliposikia kilio akageuka, akaliona jiwe mkononi mwangu, akatua kikapu chake kwenye nyasi, akasimama palepale, akingoja.