Siku Nilipoivisha Redio ya Milembe Kitenge cha Kwaya

Mwaka ule viwavi walikula mahindi yetu ya Kasokola mpaka mabua, tukabaki na wali asubuhi, mchana na jioni, wali wa Usevya kwa mlenda, wali kwa dagaa, wali wa jana umekaangwa, mpaka watoto wakaanza kulilia ugali kama wanavyolilia pipi. Basi ni mwaka huohuo mimi, mtu mzima, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, nilipoaibika mbele ya majirani wote nikiwa juu ya mnara wa tangi la maji, nimelowa kama kuku. Nawaambieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Kulwa, maana yeye anaongeza chumvi (anasema nilivua nguo; sikuvua nguo).

Nina mjukuu anaitwa Milembe. Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini yeye amesomea mambo ya mitandao na sasa anauza intaneti hapahapa kwetu, ana kampuni yake, msichana yule niliyemfuta kamasi! (Sokoni natembea polepole makusudi, ili watu waniulize habari zake.) Intaneti yenyewe inatoka Mpanda mjini, inaruka hewani, inadakwa na dishi lililo juu ya mnara wa tangi langu kwa sababu kwangu ni mwinuko, halafu inagawiwa zahanati, shule, maduka na mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Kulwa.

Shida ilikuwa ile redio iliyofungwa kwenye dishi (wanaiita redio, ingawa haisomi taarifa ya habari). Ilikuwa inatumia masafa ya bure, na cha bure mnakijua, kila gesti na kila duka la mjini limefunga ya namna hiyohiyo, basi huko hewani ni kama kisimani asubuhi, wote wanapiga kelele na hakuna anayesikia ndoo ni ya nani. Intaneti ikawa inakatika kila saa. Mama Kulwa, ambaye ndiye msemaji wa wateja, akaja kwangu, akamsimamia Milembe, mikono kiunoni.

"Milembe, tumekupenda kwa sababu wewe ni wetu. Lakini ikikatika tena baada ya Jumamosi, Jumatatu tunahamia kwa wengine. Wote."

Mjukuu wangu hakula siku hiyo. Bila wateja wale kampuni imekufa.

Ndipo akamwita Fundi Rajabu, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mpole, akaja na redio mbili za kujaribu, zote za leseni. Leseni maana yake serikali inakuandika jina kwenye njia yako angani na mwingine haruhusiwi kuikanyaga. Sasa kazi ikawa kuchagua. Moja ina dishi kubwa kama ungo mara mbili, inafika mbali na mvua haiiogopi, ila ni nzito, inataka mnara mpya wa chuma, miezi ya kujenga. Ya pili ni ndogo kama sinia la pilau, inabeba mzigo mkubwa ajabu na inakaa vizuri palepale juu ya tangi, ila inaogopa mvua nzito.

"Mjini ni karibu, itavumilia," alisema Fundi Rajabu.

"Sitaki kuambiwa," Milembe akasema. "Wateja waje Jumamosi, waione kwenye mvua kwa macho yao."

Mimi niliipenda ile ndogo toka ilipotolewa kwenye boksi, nyeupe, laini! Ijumaa nzima majirani walipita kuikodolea macho, huyu anasifu, yule anaguna, mpaka jioni Fundi alipoipandisha juu ya tangi na kuifunga mahali pa ile ya zamani. Sasa nyie mnajua, kwetu mtoto mchanga haachwi wazi namna hiyo, anafunikwa, kwa sababu si kila jicho lina heri. Jumamosi alfajiri wakati Fundi anakunywa chai nikachukua kitenge cha sare ya kwaya, kipande kilichobaki nilipomaliza kushona gauni, nikapanda ngazi ya mnara na magoti yangu haya, nikalifunika lile dishi na kulifunga kwa nyuma mafundo matatu ya nguvu. Likapendeza! Kwa kuwa lilitazama mjini na watu wanakaa upande wa pili wa tangi, hakuna aliyeona, na intaneti ikaendelea kama kawaida. Nikashuka, nikavaa gauni langu la sare, nikajiona nimefanya la maana.

Saa nane watu walijaa barazani kwangu, wamekaa mbele ya televisheni ambayo Milembe aliiunga na kamera ya ofisini kwake mjini, tunaona mpaka paka amelala kwenye kiti, picha safi, watu wanapiga makofi. Wingu likaja. Mvua ikashuka, si ya radi, bali ile nzito ya Katavi inayopiga bati mpaka unaongea kwa mikono. Tukahesabu pamoja, dakika moja, mbili, watu wamesimama, mimi napiga vigelegele. Dakika ya tatu paka akaganda. Ya nne akapotea.

"Eeeh," alisema Mama Kulwa. "Kumbe na leseni nayo inaogopa kulowa!"

Fundi Rajabu alitokwa jasho juu ya kompyuta yake. "Haiwezekani. Ilitakiwa ipunguze spidi tu, isikatike."

"Umenidanganya, Fundi," Milembe akasema. "Umenidanganya mbele ya watu wangu. Panda uishushe, uondoke nayo."

Nyie, moyo wangu! Mimi sijui mambo ya masafa, lakini nguo iliyolowa naijua, hata upepo haipitishi, na nikaikumbuka yangu iko huko juu inavuja maji. Ningesema palepale yakaisha. Lakini kiburi! Nikawaza, akipanda Fundi ataikuta, basi nipande mimi kwanza, niitoe kimyakimya, nisingizie upepo. Nikachomoka barazani mbio, na nyuma yangu Milembe anapiga kelele, "Mke mwenzangu, unakwenda wapi na mvua hii?" (ananiita hivyo kwa utani, maana babu yake ni mume wetu sote).

Nikafika juu. Mafundo yamelowa, hayafunguki. Navuta kwa meno. Watu karibu wote wakatoka nje kwenye mvua kuniangalia, wakazunguka upande ule, wakaona dishi limevaa sare ya kwaya na mimi nimevaa sare ya kwaya, tumefanana kama mapacha.

"Bibi Milembe!" Mama Kulwa akapaza sauti. "Na huyo naye anaimba sauti ya kwanza?"

Kitenge kikachanika, kikatoka. Barazani mtu akapiga kelele: "Paka karudi!"

Hapo nikakiri yote, kwa kelele, kutoka juu, maana mvua haikuruhusu kunong'ona. Nikamwomba Fundi radhi kwa jina lake na la baba yake. Mnadhani iliishia hapo? Mama Kulwa hakuamini kitambaa kinaweza kuua intaneti, akasema tunadanganywa, akaamuru, "Bibi, funika!" Nikafunika, paka akapotea. "Funua!" Paka akarudi. "Funika! Funua!" Kijiji kizima kinaitikia kama kibwagizo, mvua inapiga, mimi huko juu natii kama askari, na ile redio ikiwa wazi ikapunguza mwendo kama mtu kwenye tope lakini haikukaa chini hata mara moja. Mpaka mvua inaisha hakukuwa na aliyetaka kuhama, na Mama Kulwa ndiye aliyesema, "Milembe, chukua hiyohiyo ndogo."

Magoti yakagoma kushuka. Nilishushwa mgongoni kwa Fundi Rajabu, mtu niliyemwacha atukanwe.

Nimejifunza: ukiharibu, sema ukiwa bado chini.

Sasa Milembe anataka kupeleka intaneti Sitalike, na juzi akaja na soda mbili na tabasamu. "Mke mwenzangu, wateja wa Sitalike nao wanaogopa mvua. Twende ukawaonyeshe ile funika, funua. Mara moja tu."

Nikamwambia, "Sipandi, sifuniki, sifunui, tafuta bibi mwingine."

"Bibi jamani, hata Mama Kulwa amesema atakushikia ngazi!"

"Sipandi, sifuniki, sifunui, tafuta bibi mwingine."