Wifi Yangu na Fundi wa Mvua

Wifi yangu si mtu wa kuja kwangu Jumapili bila kupiga simu kwanza. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni na flashi mkononi, macho yamevimba nyuma ya miwani, nilimwacha mteja wangu na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimetimka, nikasimama.

"Wifi, hii flashi kuna mtu aliigusa kabla sijapewa?"

Hata salamu hakuna. Mteja akajifanya anasoma simu yake, kumbe masikio yote yako kwetu.

Ngoja niwaambie huyu wifi ni nani, maana mkipishana naye njiani mtampita tu. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, ndugu yake wa pekee. Hajaolewa, na amechoka kuulizwa. Anasaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani. Mbele anakaa mpima macho na tabasamu lake. Nyuma anakaa yeye na mashine, na maji yanayotiririka kupoza lenzi, na unga mweupe unaomganda kwenye nyusi. Watu kibao wanasoma magazeti kwa kazi ya mikono yake na hawajawahi kuiona sura yake. Akitoka hapo anarudi kwenye chumba chake kimoja, anavua viatu, anafungua kompyuta, anatazama katuni za Kijapani.

Ndiyo, katuni. Shangazi yao aliwahi kumwombea dua kwa ajili hiyo. Lakini ole wako umwambie ni mambo ya watoto. Atakukalisha akueleze miji inayoelea angani, majoka yaliyochoka vita, maroboti yanayoogopa kuzimwa, mpaka chai ipoe. Tena anaziandikia uchambuzi katika ukurasa wake mtandaoni. Huko anaitwa Bi Lenzi, na huko ndiko pekee anakoogopwa. Kijana akigongwa na lori sehemu ya kwanza, akazindukia ulimwengu mwingine ana upanga wa ajabu na wasichana wanaompenda bila sababu, Bi Lenzi anaandika kwamba ingefaa lori lirudi. Wachoraji wakianza kurudia picha zilezile za vita ili wapumzike, anawakamata.

Ana sheria mbili. Haandiki neno kabla hajaitazama hadithi yote, na hamwambii mtu mwisho wake. Yeye mwenyewe hataki hata kudokezwa. Vile vipande vifupi vya kuonyesha yatakayotokea wiki inayofuata, vinavyokuja baada ya wimbo wa kufungia, huvizima kabla havijaanza. Sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Aliyemwingiza katika mambo haya ni kaka mtu. Walibaki yatima wakiwa wadogo, na jioni walikuwa wakikaa sakafuni kwa jirani mwenye televisheni. Penye damu au kilio, kaka alikuwa anamziba macho kwa kiganja, kisha anamsimulia uongo. "Wamepatana," anamwambia, "sasa hivi wanakunywa chai." Wifi alikua akiamini kwamba majoka yote duniani humaliza ugomvi kwa chai. Mume wangu alikuwa akikisimulia kisa hiki mpaka anakohoa kwa kicheko.

Hata alipougua na kulazwa sebuleni kwetu, hakuacha kumtafutia dada yake hadithi mpya na kumjazia kwenye flashi. Ya mwisho aliyompa ilikuwa Fundi wa Mvua. Baada ya mazishi wifi aliiweka kwenye droo, hakuigusa. Nilijua kwa nini. Akishaitazama, hatakuwa na kitu kingine kipya kutoka kwa kaka yake.

Mwezi huu akaitoa. Ni hadithi ya mji uliofunikwa kwa kioo kwenye sayari kavu, na fundi mmoja anayehangaika na mtambo wa kutengeneza mawingu, akisaidiwa na joka dogo linaloishi ndani ya tanuri. Wifi aliipenda kuliko zote. Akaandika uchambuzi mrefu, akavunja na ile sheria yake ya kuficha mwisho, kwa furaha tu. Alisifu ujasiri wa watunzi: wamemuua fundi katikati ya hadithi, mtambo umemlipukia, halafu wakaturudisha nyuma tumwone yu hai, mpaka tunamalizia kwenye siku ile mvua inanyesha kwa mara ya kwanza, mji mzima unakula nje umeloa chepechepe, na fundi anacheka mdomo umejaa.

Basi mtandao ukamwangukia. "Bi Lenzi, fundi hufa sehemu ya mwisho. Mvua iko katikati." "Mwenye duka la miwani kipofu." Mmoja akamwuliza kama na vitabu huvisoma kuanzia kwenye jalada la nyuma. Watu aliowanyoosha miaka yote wakalipiza kisasi siku moja. Na yeye, ambaye hana mwingine wa kuzungumza naye ila hao hao, aliyasoma yote peke yake katika chumba kile.

Ndipo akaja kwangu.

Sasa kati yangu na wifi palikuwa na jambo. Siku mume wangu alipofariki, wifi alikuwa hapa asubuhi. Kaka mtu akamwambia, "Nenda kazini, nisagie lenzi mpya, hizi zimechoka. Jioni uniletee." Akaenda. Alirudi jioni na miwani ndani ya kikasha chake, akakuta viatu vya watu mlangoni. Aliniuliza swali moja tu: "Mbona hukunipigia?" Nikamjibu kwamba mambo yalikwenda haraka. Hakuniamini. Tangu hapo tukawa mawifi wa salamu na sikukuu. Mawifi wengine hugombana hadi majirani waje. Sisi tulinyamaziana, na mimi naona heri kugombana.

"Ni kaka yako aliyezihamisha," nikamwambia. "Sehemu mbili tu. Ile ya kifo akaiweka katikati, ile ya mvua akaipeleka mwisho, akabadilisha na namba zake. Alijua vile vipande vya wiki inayofuata huvitazami. Alikuwa amelala hapo, kompyuta juu ya tumbo, anacheka peke yake. Akaniambia nisikwambie."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Ili umalizie kwenye mvua, wifi. Alijua anakwenda."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Aliigeuzageuza ile flashi kama lenzi anayotafuta mkwaruzo wake. Mtu anayeng'amua hila za watunzi kwa sehemu tatu za mwanzo hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Na ile miwani?"

"Nayo ni yeye. Alisema nisikupigie mpaka yaishe. Nikasema sawa. Uliponiuliza nikakuficha, maana niliona bora unichukie mimi uliye naye kuliko umchukie marehemu."

"Aliniziba macho," akasema.

"Alikuziba."

Nilidhani atalia au atanitukana, na yote mawili nilikuwa tayari nayo. Lakini wakati ule nilikuwa na hasira zangu mwenyewe, za siku nyingi, nikamtolea zote nikiwa nimeshika kitana. Nilimpenda mume wangu, ila alimpangia dada yake mwisho mzuri wa kila kitu, akaniachia mimi mwisho wenyewe. Mimi ndiye niliyekaa naye. Niliyaona yote, na kwa kuwa nilikuwa nimefungwa mdomo, sikuwa na mtu wa kumwambia nilichokiona. Hata mama yangu sikumweleza.

Wifi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na wewe alikuziba nani?"

"Hakuna."

"Basi nisimulie," akasema. "Usiruke kitu."

Nikarudi nyuma ya mteja wangu, maana mikono yangu ikiwa haina kazi siwezi kusema jambo zito. Nikasuka na kusimulia. Nilimweleza jinsi alivyoomba tumgeuze atazame dirisha, na jinsi alivyoniita kwa jina la dada yake, nami nikaitika. Nilimweleza pumzi zilivyokuwa, na jinsi mwisho alivyoogopa, kwa sababu aliogopa, na hilo kulibeba peke yangu kulinilemea kuliko yote. Mteja alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea mapajani, na hakuniambia kwamba nasuka kwa kumkaza.

Wifi aliondoka jua likiwa bado lipo. Chai hakunywa, ila alipofika mlangoni aliniuliza Jumapili ijayo kama nitakuwepo. Nikamwambia nitakuwepo.

Jioni nikafungua ukurasa wake. Ule uchambuzi hakuufuta, aliuongezea maneno machache chini, na wasomaji wake wakabaki wanaulizana ana maana gani. Alikuwa ameandika: "Nilikosea. Fundi hufa mwisho. Nimesimuliwa na aliyekuwepo."