Mlango Usio na Komeo

Mume wangu aliuza nyumba za watu kwa miaka ishirini na sita, na sikumsikia hata siku moja akimwambia mteja kwamba bei itapanda. Madalali wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Wao wimbo wao ulikuwa mmoja: nunua leo, kaa miaka mitano, uza, utanishukuru. Ukimletea yeye habari hizo anavimba. "Kwani hili ni gunia la mahindi?" anafoka. "Mtu anatafuta pa kuishi, nyie mnamfundisha namna ya kutoka!"

Walimwita Kigoda. Jina lilimganda kwa sababu ya kile kigoda cha miguu mitatu alichotembea nacho kila alipokwenda kuonyesha nyumba tupu. Sebule hakuonyeshi kwanza, hata umwombe vipi. Anakupeleka jikoni, anakuketisha, anakwambia, "Nyamaza kidogo." Basi unakaa pale kama mtu aliyepewa adhabu, unasikia bomba linavyodondosha, mtoto wa jirani anavyosoma kwa sauti, mlango wa sijui nani unavyofungwa. Baada ya dakika kumi anakuuliza, "Utaweza kucheka humu? Na kulia je?" Wapo waliotoka mbio. Waliobaki walinunua.

Wauzaji nao aliwauliza swali moja tu: "Ukihama, utakosa nini?" Majibu aliyaandika kwenye daftari, jioni ananiletea kwenye kiduka changu cha kuchapa barua na kutoa nakala. Mimi ndiye niliyeyafanya matangazo. Hilo mlijue mapema, msije mkadhani nasimulia mambo ya mtu huku nimekaa pembeni. "Jua linaingia jikoni saa moja, linaaga saa nne." "Chumba cha nyuma kimelea watoto sita na hakuna aliyeogopa giza." Vipimo vya kiwanja tuliviweka chini kabisa, herufi ndogo. Siku moja aliandika mistari minne ya paka wa jirani, nikamwambia, "Mzee, tunauza nyumba au tunauza paka?" Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Nyumba ile haikumaliza wiki, na mnunuzi alipofika, cha kwanza kuuliza ni paka yuko wapi.

Nilimpenda kwa hilo, sifichi. Alinichosha pia, maana mtu anayejua thamani ya jiko la kila mtu alisahau la kwangu kuwa linavuja. Lakini aliamini anachokisema, na watu wakimwamini alifurahi kama mtoto. Hapo ndipo ubaya ulipoingilia.

Mkunga alikuja dukani mwenyewe, tangazo mkononi. Alikuwa mama mstaafu wa wodi ya wazazi, mwenye mikono mipana na sauti ya kuamrisha, na nusu ya watu wa mji walipitia kwenye mikono ile wakiingia duniani. Mumewe alishafariki, watoto wako nchi za mbali. Aliishi ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo watu wanapishana ngazini kama hawaonani. Jirani yake wa mlango wa pili alifia ndani, akaja kugunduliwa siku ya nne. Yeye ndiye aliyeitwa kumtambua.

"Sitafuti nyumba nzuri," alimwambia mume wangu. "Natafuta mahali ambapo nisipofungua dirisha asubuhi, kuna mtu atauliza."

Tangazo lile lilikuwa la nyumba ya mwalimu mmoja mzee aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Mwalimu alipoulizwa atakosa nini, hakufikiri hata kidogo. "Kile kimlango," alisema. Ukuta uliotenga ua wake na ua wa fundi cherehani ulikuwa na mlango mdogo wa mbao, usio na komeo wala kufuli. Miaka thelathini, kila asubuhi, mke wa fundi aligonga: "Umeamka?" Wa upande huu akajibu: "Nimeamka." Basi, kila mtu na shughuli zake. Mimi nikachapa: "Nyumba yenye mtu wa kukuuliza kama umeamka."

Siku ya kumwonyesha, mume wangu alimketisha Mkunga kwenye kigoda pale uani, mbele ya mlango ule. Mwalimu alikuwa ndani anafunga vitabu. Saa moja na nusu, ngo ngo ngo. "Umeamka?"

Kabla mwalimu hajanyanyua kichwa, Mkunga akajibu, "Nimeamka!" Halafu akajifunika uso kwa mtandio, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Mume wangu alipokuja kunisimulia, na yeye machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nimeshampatia nyumba yake," aliniambia.

Siku mbili baadaye fundi cherehani alikuja kwetu, kofia mkononi. Macho yalikuwa yanamtupa, uzi hauingii tena kwenye sindano. Binti yake alikuwa anawataka yeye na mkewe wakakae naye. "Niuzie taratibu," alisema. "Sitaki majirani wajue mpaka nimepata mtu." Mume wangu akamuuliza atakosa nini. Fundi akajibu, "Mlango wa ukutani."

Mgeni alipotoka, nikamtazama mume wangu. Mkunga alikuwa bado hajatia sahihi. Zilibaki siku tano.

"Utamwambia?"

"Nimeombwa nisiseme."

"Nakuuliza, utamwambia Mkunga?"

"Nitamtafutia jirani mwingine kama hao," alisema. "Nitauza nyumba ya fundi kwa mtu wa roho ileile. Kazi yangu ni nini, mke wangu?"

"Jirani si balbu, uchomoe hii uchomeke ile!"

Akachana kwenye daftari ukurasa wenye maneno ya fundi. Hakuwa na tamaa, ningeapa mbele ya yeyote. Alijiamini tu kupita kiasi, na alishaona machozi ya yule mama, hakutaka kuyaharibu. Karatasi ya fundi akaitia kwenye droo ya duka langu. Niliifunga mimi droo ile kwa mkono wangu. Namba ya Mkunga nilikuwa nayo, simu ilikuwa mezani. Siku tano nzima nilichapa barua za watu, sikumpigia.

Mkunga akauza ghorofa yake, akahamia. Miezi saba aliulizwa kila asubuhi kama ameamka, na kila asubuhi alijibu. Alinenepa. Alikuwa akipita dukani ananisalimia kwa kelele, "Mke wa Kigoda, mumeo nitamwombea dua mpaka nizeeke!" Mimi natabasamu, nainamia mashine.

Kwa upande wa fundi, mume wangu alihangaika kweli. Kila aliyekuja alimketisha mbele ya mlango ule, na kila mmoja aliuliza kama unaweza kuzibwa. Siku zikaenda, binti wa fundi akachoka kungoja. Wakauza wenyewe, bila yeye, kwa watu waliokuwa wanatafuta pa kuwekea matairi. Fundi na mkewe wakaondoka siku ya Jumatano. Ijumaa mume wangu alipita pale akakuta mwashi anafuta saruji kwenye mwiko. Mlango ulikuwa umelazwa chini, na mahali pake pamejengwa tofali.

Alirudi nyumbani hana rangi. Alikaa kwenye kigoda chake, jikoni kwetu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. "Twende," aliniambia.

Tulimkuta Mkunga uani, ameketi akitazama zile tofali. Alitukaribisha vizuri tu. Mume wangu akapiga moyo konde, akasema yote, hata droo. Mkunga alisikiliza kama daktari anayesikiliza mgonjwa.

"Ulijua kabla sijatia sahihi?"

"Nilijua, mama."

"Na wewe, dada?"

"Nilijua," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Kama mngeniuzia ukuta na bati kama wenzenu, leo ningekosa jirani tu," alisema. "Nyie mliniuzia watu. Sasa nimekosa jirani, nimewakosa na nyie." Akainuka, akatufungulia geti. Hakulibamiza. Afadhali angelibamiza.

Mume wangu hakuuza nyumba tena. Daftari alilitia kabatini. Lakini kesho yake, kabla hata ya chai, nilimwona anavaa viatu. Alitembea mpaka kwa Mkunga, robo saa kwa miguu yake ile, akagonga geti. "Umeamka?" Hakujibiwa. Dirisha likafunguka kidogo, likafungwa. Akarudi.

Alikwenda hivyo kila siku kwa miaka miwili. Mvua alikwenda. Homa alikwenda, nikimfokea mpaka mlangoni. "Atakujibu lini huyo?" nikamuuliza. "Si lazima anijibu," alisema. "Dirisha likifunguka inatosha." Mara nyingine nilitamani kufuatana naye, maana kosa lilikuwa letu wote wawili. Sikwenda hata mara moja. Nilijisingizia duka.

Asubuhi moja mwezi uliopita niliamka kabla yake, jambo ambalo halikuwa kawaida. Niliweka maji jikoni. Nilikwenda kumwamsha, nikamgusa bega, na bega lilikuwa la baridi. Nilikaa kitandani. Sikupiga kelele, sikupiga simu. Sijui nilikaa kwa muda gani, maji yalikauka kwenye sufuria nikasikia harufu ya moto.

Ndipo geti likagongwa, ngo ngo ngo.

Nilitoka peku. Mkunga alikuwa amesimama nje, mtandio umekaa upande, jasho linamtoka, anahema kwa ile robo saa ya njia. Miaka miwili hakuwa amekanyaga mtaa wetu.

"Leo hajaja," alisema. "Ameamka?"

Maneno ya nyumba za watu nimeyachapa miaka ishirini na sita. Asubuhi ile nilimfungulia geti tu. Mkunga akanitazama usoni, akafahamu. Akavua viatu pale kizingitini, akanipita, akaenda kuzima jiko.